Spea ya Shingo

Daktari aliposema diski imekwisha, Wenceslaus Nyamhanga alifurahi.

Mkewe Pelagia, aliyeketi naye kwenye benchi na mkoba mapajani, alimwona akitabasamu akashangaa. Walikuwa wametoka Bunda alfajiri kuja hospitali kwa hofu, si kwa harusi. Lakini Wenceslaus alikuwa dereva wa malori ya ushirika wa pamba kwa miaka ishirini na miwili. Tangu mkono uanze kufa ganzi alikuwa ameambiwa baridi yabisi, ameambiwa upepo mbaya, ameambiwa mkono wa mtu, na dada yake mkubwa alimwambia wazi kwamba ni kiburi. Leo kwa mara ya kwanza mtu alimtajia kitu anachokijua.

"Diski ya klachi naijua," alisema. "Kumbe na shingo inayo."

Dokta Florian aliinua picha akaielekeza dirishani. Alikuwa kijana wa Musoma, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. "Shingo ina mifupa saba, mzee. Kati ya mfupa na mfupa kuna diski, laini, ya kuzuia mifupa isisagane. Hii hapa imepasuka, ikatoka kwa nyuma, inakandamiza uti wa mgongo. Ndiyo maana vidole havina habari. Ndiyo maana mguu unaburuta."

"Basi tubadilishe."

"Hatubadilishi. Tunaitoa. Halafu tunakata kipande cha mfupa kwenye nyonga yako, tunakipachika pale ilipokuwa diski. Baada ya miezi kadhaa ile mifupa miwili inashikana, inakuwa mmoja."

Tabasamu likaondoka. "Yaani mnachomelea."

"Tunaunganisha."

"Ni kuchomelea, dokta. Tena spea mnaichuna kwenye gari hilo hilo. Ushirika wetu ulikuwaga na malori kumi na manne. Unajua yalikwishaje? Hivyo hivyo. Hili linachunwa ili lile litembee. Na ukishachomelea kiungo kimoja kisicheze, mzigo unahamia kwa jirani yake. Mwaka themanini na moja tulichomelea springi ya nyuma, baada ya miezi minne springi ya jirani ikakatika, pale Kiabakari, pamba ikamwagika barabara nzima."

Dokta Florian alivua miwani. Kumbe mzee huyu wa Bunda alikuwa ameuliza swali ambalo mabingwa wenyewe wanaulizana. Daktari angekuwa mwongo mambo yangekuwa mepesi, lakini alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio ulioiponza nyumba ya watu.

"Ni kweli," alisema. "Kwa wengine, baada ya miaka, kiungo cha jirani kinaharibika. Kwa sababu hiyo hiyo, huko Ulaya wameanza kujaribu diski ya bandia, ya chuma, inayocheza. Waliowekewa ni wachache, na haijulikani itadumu miaka mingapi. Huku haipo."

Kwa mtu mwingine neno haipo ni mwisho wa mazungumzo. Kwa dereva aliyeipita miaka ya themanini na lori la ushirika mkononi, hapo ndipo mazungumzo huanza.

"Haipo, au haijafika?"

"Mzee Nyamhanga, nisikilize. Daktari bingwa wa shingo, Mzungu, atakuja mwezi wa nane, wiki mbili tu. Baada ya hapo sijui atarudi lini. Ukisubiri zaidi, miguu itakwenda. Haja ndogo itakuwa inatoka yenyewe. Ikifika hapo, hata tukikufungua, kilichokwenda hakirudi."

Wenceslaus aliitikia kwa heshima. Wakati wa kutoka, Pelagia alikuwa amebeba maneno yale ya miguu na haja ndogo. Mumewe alikuwa amebeba diski ya chuma inayocheza.

&nbsp;

Nyumbani kwao Bunda, mtaa wa Nyasura, kila asubuhi ilianza na vifungo. Wenceslaus alisimama katikati ya chumba, mikono chini, na Pelagia akamfunga shati kuanzia chini kwenda juu, vifungo vitano. Vidole vyake mwenyewe vilikwisha kukataa. Aliweza kukishika kifungo kwa macho tu, akitazama kidole kimekigusa, lakini kidole chenyewe hakikumpa taarifa. Na kutazama nako kulikuwa na mwisho, maana shingo haikuinama zaidi ya kifungo cha pili.

"Mwezi wa nane unakaribia," Pelagia alisema, akiwa kwenye kifungo cha tatu.

"Nasubiri spea."

"Dokta alisema haipo."

"Mama Hyasinta, mwaka themanini na tatu walisema pampu ya lile Fiati haipo. Mwanza haipo, Dar haipo. Meneja akasema tulichune. Nilifanya nini?"

Pelagia alijua alichofanya. Bunda nzima ilijua. Alilipandisha lori juu ya mawe, akalala ndani yake miezi kumi na moja ili watu wasilichune usiku, na mkewe akimpelekea ugali yadi kama mfungwa. Pampu ikaja kwa treni mpaka Mwanza, mpya, ndani ya boksi lenye mafuta mazito ya grisi. Lori likatembea miaka tisa tena. Katika malori yote kumi na manne, la Wenceslaus peke yake ndilo lililokufa kwa uzee. Watu walimheshimu kwa hilo, na heshima ikimkaa mtu sana humpumbaza.

"Enzi zile hela zilikuwepo, vitu hakuna," aliendelea. "Siku hizi ni ruksa. Pita hapo madukani, spea mpaka zinauzwa barazani. Hiyo diski itafika tu. Mimi nimeshajipandisha juu ya mawe."

"Lori halijikojoleagi."

Pelagia alimalizia kifungo cha juu, akakaza kola, akaona aibu kwa alichosema.

Jumapili ile kanisani, katekista alisoma mahali ambapo Mungu anawakasirikia Waisraeli na kuwaita taifa lenye shingo ngumu. Nyuma, kwenye mabenchi ya vijana, mtu akacheka, wengine wakadakia. Wenceslaus alitaka kuona ni mtoto wa nani. Ili kuona, ilimpasa ageuke mwili mzima kama mlango, na alipomaliza kugeuka wote walikuwa wameinamia vitabu vya nyimbo. Akabaki anaangalia visogo, naye mwili mzima umeipa altare mgongo. Pelagia akamshika kiwiko, akamrudisha.

&nbsp;

Huo ulikuwa msimu wa pili tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba. Ushirika ulikuwa unapunguza wafanyakazi, na madereva waliobaki walikuwa watatu kwa lori moja linalotembea. Wenceslaus alisikia kwamba Werema anatafuta dereva.

Huyu Werema zamani alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi, na alizoea kumwomba Wenceslaus lifti akiwa amekumbatia jogoo. Sasa alikuwa na malori mawili na ghala lake mwenyewe nje ya mji, njia ya kwenda Musoma. Alimpokea vizuri, akamwita kaka, akamwonyesha lori.

"Sikupimi wewe, kaka. Nani atakupima wewe? Ila vijana wote nimewapima, nikikuacha watasema. Rudi rivasi tu, uingize mpaka mlango wa ghala."

Ilikuwa kazi ya mtoto. Mlango ulikuwa kati ya marundo mawili ya pamba, na mbele ya rundo la kulia walikuwa wameweka mizani. Wenceslaus alipanda kwa kujivuta kwa mkono wa kushoto. Saiti mira za lori lile zilikuwa zimevunjika zote mbili, kama za malori yote ya Bunda. Dereva alitakiwa kutoa kichwa dirishani, ageuze shingo nyuma.

Aligeuza. Shingo ikafika bega, ikagoma, na moto ukashuka mkononi mpaka kwenye vidole vilivyokufa. Akasimama nusu, akakizungusha kiuno, goti kwenye kiti, ili macho yafike nyuma. Wapakuaji wa magunia walisimama kumwangalia. Sasa nyuma alikuwa anapaona, ila mguu wa klachi uko mbali na hausikii. Alidhani ameikanyaga klachi. Lori likaruka kinyumenyume, mizani ikalia chini ya tairi, ikalala kwenye pamba na miguu yake juu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Werema alimsaidia kushuka, akamfuta vumbi begani kama vile anamfuta mgeni. "Kaka, nenda kapumzike. Ukipona, nafasi yako ipo." Akatoa noti, akamwingizia kwenye mfuko wa shati kwa mkono wake mwenyewe, maana aliona vidole vya Wenceslaus haviwezi kuipokea. "Ya soda."

Wenceslaus alitembea kilomita nne mpaka Nyasura, mguu mmoja ukichora mstari vumbini. Pelagia aliikuta ile noti jioni alipomvua shati. Alipoambiwa imetoka wapi aliiweka kwenye kopo la chumvi, na hakuna aliyeinunulia soda.

&nbsp;

Wiki ya mwisho ya mwezi wa saba, mchana, Wenceslaus alianguka akitoka chooni. Hakujikwaa. Miguu ilimwacha tu. Pelagia alipomfikia alikuwa amekaa kwenye udongo, suruali imelowa mbele, anaangalia moja kwa moja mbele yake kama mtu anayeendesha.

"Ni maji ya kopo," alisema.

"Ndiyo, ni maji," Pelagia alijibu, ingawa kopo lilikuwa limesimama mlangoni, limejaa.

Alimwosha, akambadilisha, akamlaza. Kisha alijifunga kitenge akaenda yadi ya ushirika kumtafuta Machage.

Machage alikuwa fundi mchomeleaji, rafiki wa Wenceslaus tangu ujana wao. Alikuwa amekaa juu ya rimu katikati ya mifupa ya malori, hana kazi ya kufanya. Alimsikiliza Pelagia mpaka mwisho.

"Shemeji," Pelagia alisema, "mwambie umesikia spea imefika. Wewe akikusikia ataamini. Akienda wamfanyie hicho kinachowezekana."

"Hapana."

"Atakufa miguu, shemeji."

"Nimekuelewa. Hapana." Machage alipangusa mikono ingawa haikuwa na mafuta. "Unamkumbuka fundi Ryoba? Alimwambia Wenceslaus amemfungia ekseli mpya, kumbe kaichomelea ile ya zamani akaipaka rangi. Ikakatika Butiama kwenye kona, Mungu tu. Wenceslaus hakumpiga, hakumshtaki. Ila hakusema naye tena. Miaka saba! Tulikuwa tunafanya kazi hapa hapa, Ryoba amesimama mbele yake, Wenceslaus anasema, 'Machage, mwambie huyo fundi anipe spana ya kumi na saba.' Mpaka Ryoba anazikwa. Kaburini nako aliniambia mimi nimwambie kwaheri."

"Nakumbuka."

"Unakumbuka, na bado unataka."

"Wewe ungekuwa unamfua suruali ungetaka pia," Pelagia alisema.

Machage aliangalia chini. "Uongo huo sisemi. Lakini sitasema pia kwamba ni uongo. Zaidi ya hapo, shemeji, usinidai."

Pelagia alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Alikuwa na hasira na Machage kwa usafi wake, na hasira na dokta kwa kuitaja Ulaya yenye diski za chuma. Kuliko wote alimkasirikia mumewe, ambaye subira yake iliwahi kuwa fahari ya nyumba. Mtu angemwambia wakati ule wa pampu kwamba miezi ile kumi na moja itakuja kuwa kitanzi, angemcheka. Kesho yake alipanda gari kwenda hospitali, akasema anakwenda kuuliza tarehe. Aliuliza tarehe. Aliporudi alimkuta Wenceslaus kitandani, akasimama mlangoni.

"Kimefika," alisema.

"Nini?"

"Hicho unachokisubiri. Yule Mzungu kaja nacho."

Wenceslaus alijaribu kuinuka. "Orijino?"

"Mimi nitajuaje orijino, baba Hyasinta."

"Umekiona? Kipo kwenye boksi?"

"Vitu vya hospitali haviguswi ovyo. Vinakaa kwenye dawa."

Wenceslaus alifikiri. Iliingia akilini. Pampu nayo ilikaa kwenye grisi. Akafumba macho, na machozi yakatoka pembeni, yakaingia masikioni kwa kuwa hakuweza kugeuza kichwa. "Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia spea inafikaga. Kusubiri tu."

Pelagia alitoka nje akakaa jikoni bila kuwasha moto.

&nbsp;

Ng'ombe wawili kati ya wale wa mahari ya Hyasinta, binti yao aliyeolewa Butiama, waliuzwa, na Wenceslaus akapata kitanda. Jirani yake wodini alikuwa Eliasi, mvuvi wa Majita aliyevunjika paja, mtu wa maneno mengi. Kabla ya saa mbili kupita Eliasi alikuwa ameshajua habari yote ya diski ya Ulaya, na alikuwa anawasimulia waliolala mbali.

Dokta Florian alikuja na karatasi. "Mzee, tulichozungumza mwezi wa tano, sasa umekubali?"

"Nimekubali kabisa, dokta. Kwa vile kipande kimepatikana."

"Kipande kipo, hicho si tatizo," dokta alisema, akifikiria nyonga. "Tena hicho ndicho cha uhakika zaidi. Mwili haukikatai."

"Hakikataliwi!" Wenceslaus alimwambia Eliasi. "Umesikia? Orijino."

Dokta alicheka naye, bila kujua wanachekea nini. Alimgeukia Pelagia kuona kama na yeye ana swali. Pale pale Pelagia angeweza kusema, neno moja tu, na angemrudisha mumewe Nyasura akiwa na ukweli wake wote na miguu isiyotembea. Alitikisa kichwa. Hakuwa na swali.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Wenceslaus alikuwa na saini nzuri, ndefu, iliyojaza vitabu vya safari vya miaka ishirini na miwili. Alijaribu kalamu, ikaanguka mara mbili. Wakamletea wino wa kidole. Aliutazama ule weusi kwenye dole gumba lake, mtu aliyesoma mpaka darasa la nane, na akasema kwa sauti ndogo kwamba si kitu.

Asubuhi yake muuguzi Benedikta alikuja na beseni, sabuni na wembe. Alimsafisha shingo. Kisha akashusha shuka, akaanza kumnyoa na kumpaka dawa ya njano kiunoni, upande wa kulia.

"Anafanya nini huko?" Wenceslaus aliuliza. Alikuwa chali, na shingo haikumruhusu kujiona.

Benedikta alifumbua mdomo kujibu.

"Ni kwa ajili ya sindano," Pelagia alisema haraka. "Ya usingizi. Inapigwaga hapo."

Benedikta alimtazama Pelagia. Alikuwa mama mtu mzima, aliyeona wake wengi na waume wengi. Angeweza kumwita dokta. Pengine alidhani mgonjwa amesahau alichoambiwa, wagonjwa husahau. Pengine alielewa zaidi ya hapo akaogopa kuingia kati ya mtu na mkewe. Alimaliza kupaka, akafunika shuka, akaenda.

&nbsp;

Alikaa chumba cha upasuaji kwa saa nne. Alirudi na kola nene shingoni na bandeji mahali pawili, akatapika, akalala, akaamka. Siku ya tatu alisimama, Pelagia huku na Benedikta kule, na mguu uliokuwa unaburuta ukainuka wenyewe kutoka sakafuni. Si sana, unene wa kandambili hivi. Wenceslaus aliutazama alivyoweza, akaanza kucheka, na Pelagia akacheka mpaka ikambidi akae.

"Kiunoni kunauma kuliko shingo," alimwambia Eliasi. "Sindano zao hizi ni za ng'ombe."

"Ya Kizungu hiyo," Eliasi alisema. "Spea ya Kizungu, sindano ya Kizungu."

Sifa za spea zilienea. Watu walitoka wodi ya pili kuja kumwangalia. Padri aliyekuja kuwapa wagonjwa komunyo aliulizwa kama chuma kitafufuka pamoja na mwili siku ya mwisho, akasema atauliza. Machage alikuja toka Bunda na mkungu wa ndizi, akakaa nusu saa, akasema shingo inaonekana imekaa sawa, na hakumtazama Pelagia hata mara moja.

Siku hizo Pelagia aliishi vizuri kuliko wakati wowote katika miezi minane, na hakupata usingizi. Kila mumewe alipoitaja diski alimwitikia. Alianza kufikiri kwamba labda inawezekana: watu huishi na uongo mkubwa kuliko huo, wanazeeka nao, wanazikwa nao. Kovu lingekuwa sindano. Nani angemwambia?

Siku ya tisa, saa ya kutazama wagonjwa, Pelagia alikuwa amekaa kwenye stuli anamenya chungwa. Wenceslaus alikuwa ameinuliwa kwa mito, shati wazi, anacheza na vidole vyake vya mkono wa kulia.

"Mama Hyasinta, angalia. Sitazami, eh?" Alifumba macho, akaushika upande wa shuka. "Hili ni pindo. Hapa limeshonwa, hapa uzi umekatika." Akafumbua. "Kweli?"

"Kweli."

"Na hiki chuma cha kitanda, baridi. Nasikia baridi!" Alikuwa kama mtu aliyerudishiwa nyumba, anapita chumba hadi chumba. Akajipapasa tumbo, mbavu, kitovu, akitangaza kila kitu, na Eliasi akimshangilia. Mkono ukafika kiunoni, mahali panapouma. Ukasimama. Kidole kikafuata ukingo wa bandeji, kikaingia chini yake, kikaenda polepole kama kinasoma. Upana wa vidole vinne, vitano. Na katikati, nyuzi, fundo baada ya fundo.

Alirudia kutoka mwanzo.

"Pelagia," alisema.

Mbele za watu hakuwahi kumwita kwa jina lake. Chungwa likasimama mkononi mwake.

"Sindano haishonwi. Hapa wametoa nini?"

Uongo wa tatu ulikuwepo. Ulikuja mwenyewe, umekamilika, una jipu ndani yake na daktari aliyelipasua. Pelagia aliusikia ukimfika mdomoni, akachoka.

"Mfupa," alisema.

"Kwa hiyo diski hakuna."

"Kuna mfupa wako, baba Hyasinta."

"Mmechomelea."

"Tumechomelea."

"Machage anajua?"

"Alikataa. Nilimwomba akakataa. Ni mimi peke yangu. Hata dokta hakujua kwamba hujui. Ulikuwa unalowana. Ulikuwa unaniambia ni maji ya kopo, na mimi nasema ndiyo, ni maji. Wewe ulitaka niseme hivyo mpaka lini?"

Eliasi alijifunika shuka mpaka kichwani.

Wenceslaus alitaka kuugeuzia uso ukuta. Ndivyo alivyofanya siku zote mkewe alipomuumiza, kwa miaka ishirini na sita: aligeuka ukutani, na asubuhi yanakuwa yamepita. Kola ikamzuia. Hata bila kola isingewezekana, si leo, na kamwe si kama zamani. Akabaki ameelekezwa kwa Pelagia, na Pelagia kwake, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda.

Upepo wa ziwa uliingia dirishani, shati likapeperuka kifuani. Pelagia alisimama, akaliweka chungwa kwenye stuli, akanyoosha mikono kumfunga vifungo, kwa mazoea.

"Acha."

Alikishika cha chini mwenyewe. Kikateleza. Akakishika tena, hakitazami, macho yake yako kwa mkewe kwa sababu hayakuwa na pengine pa kukaa. Kikaingia. Akapanda cha pili. Cha tatu kilimchukua muda mrefu, na kengele ya kuwatoa watazamaji ikagongwa, wengine wakaanza kuaga. Pelagia alisimama na mikono yake mitupu, anahesabu. Alikuwa na furaha kubwa na alikuwa ameachwa, vyote kwa pamoja. Cha nne. Cha tano, chini ya kola, pale asipoweza kabisa kupaona, kikaingia mara moja.

Wenceslaus alishusha mkono, akapumzika.

"Eliasi," alisema.

Kwenye kitanda cha pili shuka likavutwa zaidi.

"Eliasi, najua hujalala. Mwambie mama Hyasinta anipe hilo chungwa."

Pelagia alikuwa mbele yake, hatua moja tu. Alisubiri Eliasi aseme, na Eliasi, kwa aibu, kutoka ndani ya shuka, akasema. Ndipo akampa. Vidole vikalipokea chungwa, vikalishika, havikuliangusha.